Sori Aliyoisema Alani

Asubuhi ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ziwa lilikuwa halionekani. Ilikuwa kiangazi, wakati watu wa milimani wanachoma majani, na moshi ulishuka mpaka juu ya maji ukakaa pale siku nzima. Ukisimama bandarini ulisikia watu wakiongea ndani ya mitumbwi, lakini mitumbwi yenyewe huioni. Mji wetu wa Kalemie ulikuwa bado unaitwa Albertville. Uhuru ulikuwa umekuja juzijuzi tu, na bunduki zilikuwa zimekwisha kupita mjini zaidi ya mara moja, kwa hiyo kila mtu aliishi na wasiwasi wake. Mimi nilikuwa msichana aliyemaliza masomo karibuni, nafanya kazi kwenye biro, yaani ofisi, ya tajiri mmoja mgeni mwenye mashua za kubeba samaki na mizigo.

Nitakuambia kwa nini jambo hili limenirudia. Juzi ulimkanyaga dada yako mlangoni ukasema "sori" bila kugeuza kichwa. Jioni yake rafiki yako akakupigia simu kwamba baba yake amelazwa, nawe ukamwambia "sori" ile ile, kwa sauti ile ile. Sikukugombeza. Vijana wote wa siku hizi mnaongea hivyo, na najua huna moyo mbaya. Lakini niliingia chumbani kwangu nikakaa kitandani muda mrefu, maana neno hilo mimi na wewe hatukulijua kwa njia moja.

Mimi nililijulia Kigoma. Baba yangu, Papa Yosefu, alikuwa mtu wa reli hapa, na dada yake aliolewa upande ule wa pili na mfanyabiashara wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Shangazi hakujaliwa mtoto, akaniomba kwa baba. Nikavushwa ziwa nikiwa bado mdogo, nikasoma huko mpaka nikawa mkubwa. Mwalimu wetu alikuwa mama Mwingereza, mrefu, mwenye haraka, anayegonga viti akipita. Siku ya kwanza alinikanyaga kidole akasema "sori". Nikarudi nyumbani nikamwambia shangazi, "Leo nimejua neno la Kiingereza. Sori maana yake ni samahani."

Nilidhani nimelimaliza. Wiki chache baadaye mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake. Mwalimu akaenda kwenye dawati lake, akamshika mikono yote miwili, akamwambia "sori". Sisi watoto tukatazamana. Mmoja wetu akanyoosha mkono na kuuliza kama ni mwalimu aliyemuua yule mama. Aliuliza kwa moyo safi kabisa. Mwalimu hakukasirika, akatueleza kwamba hapa anasema anahuzunika pamoja naye. Nikamwendea tena shangazi, nikamwambia, "Kumbe sori ni pole."

Halafu ukienda dukani kununua sukari, mwenye duka anakutazama huku anatabasamu, "Sori, hakuna." Hapo hakuna aliyekosa na hakuna anayehuzunika, amekunyima tu kwa adabu. Mtu asiposikia ulichosema anakuinulia sauti, "Sori?" maana yake rudia. Na mbwa wa jirani wa mwalimu, aliyejaa ukurutu na mbavu zote nje, naye walimwita mnyama wa sori, yaani mnyonge wa kutia huruma. Shangazi akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema Waingereza wana nchi nyingi lakini maneno yamewapungukia.

Sisi tuna pole na tuna samahani, tena nyumba zake ni mbili. Pole unampa hata mtu usiyemjua uliyemkuta amebeba mzigo mzito. Pole haisemi ni nani aliyembebesha. Samahani unaitoa ukiwa umekosa wewe. Ukichanganya hizi mbili kwenye jambo dogo watu watakuelewa tu. Kwenye jambo kubwa ndipo inapouma.

Basi niliporudi huku, Kiingereza changu kikanipa kazi, maana karatasi za mizigo kutoka Kigoma ziliandikwa kwa lugha hiyo na patron wangu, yule tajiri, alijua Kifaransa tu, nacho nilijifunza kwa baba niliporudi. Alani naye alikuwa wa biro yetu. Alikuwa Mzungu wa Rhodesia ya Kaskazini, kijana bado, aliyekuja kwa meli kutoka kusini kutengeneza injini, na patron akampa mashua moja aiendeshe mwenyewe. Kifaransa hakukijua. Kiswahili chake kilikuwa salamu na majina ya samaki. Lakini watu wa bandarini walimpenda, kwa sababu wavuvi wakimletea taa zao zilizoharibika alizitengeneza bila kudai kitu, amekaa chini kwenye mbao anapiga miluzi.

Asubuhi ile ya moshi tuliisikia injini yake kabla ya kumwona. Ilikuja polepole, na yeye hakuwa mtu wa kuja polepole. Mashua ilipojitokeza tukaona ndani yake mtu mwingine amejikunyata, amelowa, ana gunia mabegani. Nikamtambua. Alikuwa Musafiri, mtoto mkubwa wa Papa Petro, mvuvi wa mtaa wa Kataki. Musafiri alivua kila siku na mdogo wake Kabwe, kijana mcheshi aliyekuwa ameoa mwaka ule ule. Nilitazama nyuma ya Musafiri nikimtafuta Kabwe. Sikumwona, na nikaelewa.

Alani akapanda juu ya gati. Akasema, "Sori." Akawaambia wapakuaji, akawaambia wamama wa ndagala, akaiambia hata kamba aliyokuwa anaifunga. "Sori. Sori."  Musafiri alikaa chini kwenye saruji mpaka watu wa kwao walipokuja kumchukua.

Mitumbwi yote ilitoka kumtafuta Kabwe. Alani naye akarudi majini mara moja, akazunguka mpaka mafuta yakamwishia. Akaja kuomba mengine, patron akamkatalia. Akatafuta tena akiwa ndani ya mtumbwi wa wengine, akipiga kafi vibaya kama mtu ambaye hajawahi kulishika. Kesho yake mwili ukaonekana karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani.

Hapo ndipo patron alipotuita ndani ya biro, mimi na Alani. Alifunga mlango. Alikuwa na hofu, naweza kumwelewa sasa, kwa sababu mji ulikuwa kama majani makavu na kila mgeni aliogopa kiberiti. Akaniambia kwa Kifaransa nimfasirie Alani.

"Mwambie aende kwa wazazi. Asipokwenda, vijana watakuja kuichoma mashua yangu. Akifika aseme sori. Neno hilo tu. Asitaje mwendo, asitaje injini. Mtumbwi ulikuwa hauna taa, na mimi nitalisema hilo popote."

Nikafasiri. Kisha patron akanigeukia mimi.

"Nimewauliza watu wanaokijua Kiingereza. Neno hilo halimfungi mtu. Anayetaka kusikia huruma atasikia huruma. Anayetaka kusikia kosa atasikia kosa. Mbele ya hakimu halitakuwa kitu. Wewe kule utawaambia anawapa pole. Umeelewa?"

Nilielewa vizuri. Mambo yale niliyoyachekea na shangazi, kwamba neno moja linakaa kila mahali, kumbe mtu mzima anaweza kuyageuza kichaka cha kujifichia. Alani alikuwa anatazama mikono yake. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hilo tu?" Nikamjibu, "Hilo tu, amesema. Halikufungi."

Baba hakukubali niende peke yangu. Alivaa kofia yake ya reli, ile ya kazini, akatembea mbele yetu mpaka Kataki.

Kiwanja cha Papa Petro kilikuwa kimejaa. Sanduku liko chini ya ukingo wa paa, jirani ameshalipigilia misumari. Padri amekaa kwenye kiti, kitabu kimefungwa, amengoja tangu asubuhi, kwa sababu Papa Petro amekataa mtoto anyanyuliwe. Mvuvi huyo alikuwa mtu mfupi, mtulivu, mwenye vidole vilivyokatwakatwa na nyuzi za nyavu. Tulipoingia kilio kikanyamaza kipande kwa kipande. Wale vijana rafiki za Kabwe walisimama ukutani, na wengine walikuwa wameshika makafi ingawa hapakuwa na maji ya kupiga. Mama Feza, mama yake marehemu, alikuwa amekaa chini kando ya sanduku, kiganja chake kiko juu ya ubao.

Papa Petro akampa baba mkono. Akamtazama Alani.

"Mutoto wangu haendi mu udongo kama sijajua kilichomufikia," akasema. "Musafiri amenieleza yake. Sasa nataka kusikia ya huyu. Aseme."

Nikamwambia Alani. Akasema, "Sori."

Nikageuka kwa wazazi. "Anasema pole, Papa. Anasema pole, Mama."

Musafiri alikuwa nyuma ya baba yake. Akasogea mbele. "Pole?" akasema. "Pole njo ametuletea? Pole amenipa kila muntu hapa. Padri amenipa pole. Watoto ya jirani wamenipa pole. Huyu alipita juu yetu na mashua, anakuja kunipa pole kama muntu anapita njia?"

Vijana wakaachana na ukuta. Niliona baba anasogea ili awe kati yao na mimi. Alani hakujua kilichosemwa, lakini nyuso zile hazikuhitaji kufasiriwa. Akasema tena, safari hii sauti ikimvunjika, "Sori. Sori."

Mwanangu, nilikuwa mdogo na niliogopa. Nilitaka watu watulie na tutoke pale wazima. Nikasema kwa haraka, "Anaomba musamaha. Anasema njo yeye alikosa. Anaomba mumusamehe."

Kweli vijana wakasimama. Wanawake wawili wakaanza kulia upya, kilio kile laini cha mtu aliyefunguliwa. Nikapumua. Papa Petro akafungua mdomo kusema kitu, na hapo Mama Feza akainua mkono wake kutoka kwenye sanduku.

"Ngoja," akasema. Aliniita kwa kidole nikachutama mbele yake. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini yalinitazama bila kupepesa. "Mutoto wa Papa Yosefu, mimi Kizungu sijue. Lakini masikio niko nayo. Mara ya kwanza huyu amesema neno moja, wewe umesema pole. Mara ya pili amesema neno ile ile moja, wewe umesema musamaha, tena umeongeza na mengine. Njo gani kati ya ile mbili?"

 

"Mama," nikasema, "ile neno iko na maana mingi. Inaweza kuwa pole. Inaweza kuwa musamaha. Mimi sijue yeye anataka kusema gani."

"Basi kama haujue, ulijibu sababu gani?"

"Niliogopa watapigana."

Alitikisa kichwa polepole. Hakunikaripia kwa ukali. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenikaripia. "Nasikia," akasema. "Umefanya juu ya kutuonea huruma. Lakini huyu ndani ya sanduku njo mutoto wangu mimi. Neno ya kifo chake usinichagulie. Kama ni chungu, unipe chungu. Simama, umuulize yeye."

Nikasimama.  Nikamgeukia Alani, na kwa Kiingereza nikamwambia hivi: kwa watu hawa neno lako ni maneno mawili. Moja linasema unahuzunika kwamba wamefiwa. La pili linasema wewe ndiye uliyewafanyia. Mama anauliza unasema lipi.

Alani akanitazama. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo maishani mwake, kwa sababu katika lugha yake halihitaji kuulizwa. Akatazama mlango wa kiwanja, upande wa bandari. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, na suruali yake ya kazi, karibu na miguu ya Papa Petro, akaanza kuongea. Mimi nikafasiri, na safari hii sikuongeza wala kupunguza.

Alisema hivi: "Kulikuwa na moshi, lakini kulikuwa kumeshapambazuka. Kama ningekwenda polepole na kutazama mbele, ningewaona. Nilichelewa, nikaiendesha injini kwa nguvu zote. Injini ilikuwa inavuja, nikainama kuishika, na nilipoinama nilikaa nimeinama muda mrefu. Sikupiga honi. Nilisikia kwanza mbao, halafu sauti ya mtu. Niligeuka nikampata huyu mmoja. Mwingine nilimsikia akiita mara moja upande wangu wa kushoto, nikaenda upande huo, hakuwepo. Taa si neno. Mtu hahitaji taa asubuhi. Niliambiwa nije niseme sori tu, kwa sababu neno hilo halinifungi. Mimi ndiye niliyemuua mtoto wenu. Nawapa pole, na naomba msamaha, yote mawili, na najua moja halitoshi kwa lingine."

Nilipofika kwenye kuita mara moja, sauti yangu ilikatika. Baba akaniwekea mkono begani nikaendelea.

 Musafiri akatoka nje ya kiwanja, tukamsikia analia huko nyuma ya nyumba, kilio ambacho watu walisema hakuwa amekilia tangu siku ile ya bandarini. Mama Feza akarudisha kiganja chake juu ya sanduku na kuanza kuongea na mtoto wake kwa Kiholoholo, lugha ya kwao, taratibu, kama anamweleza habari aliyokuwa anaingojea.

 Papa Petro akasema, "Mwambie hivi. Musamaha leo sina. Nikisema niko nayo nitakuwa nadanganya. Pengine siku ingine. Lakini sasa najua mutoto wangu alikufa namna gani, na najua aliita. Njo hii nilikuwa nangoja." Akamgeukia padri. "Padri, tuende."

Alani alifuata mazishi. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza. Makaburini alisimama nyuma kabisa mpaka wengi walipokuwa wameweka udongo wao, ndipo Papa Petro akamnyooshea jembe. Akalipokea.

Kesho yake akaenda mwenyewe komisariati akawaambia polisi yale yale, na walimweka ndani. Patron alimfukuza kazi akiwa bado humo. Na mimi nilipofika biro nikakuta kiti changu amekwisha kupewa mwingine. Niliogopa kumwambia baba, kwa sababu mshahara ule ulisaidia nyumbani. Alikuwa anakula. Akasema tu, "Kaa ule." Siku zile mahakama hazikuwa na watu, hakimu wa zamani ameondoka, mpya hajafika, na baada ya muda polisi wakamwachia Alani aende zake.

Wengi tulidhani atapanda meli ya kwanza kurudi kusini. Hakupanda. Alipanga chumba mtaa wa Lubuye, akaishi kwa kutengeneza injini na taa za watu. Musafiri alikuwa amebaki bila mwenzake wa kuvua. Sijui nani alianza, na wao wenyewe hawakuwahi kusema, lakini siku moja watu waliwaona wawili ndani ya mtumbwi mmoja, huyu mbele, yule nyuma, hawaongei. Walivua hivyo miezi mingi. Mama Feza aliniambia kwamba mwanzoni Alani akileta samaki nyumbani aliwaacha chini ya ukingo wa paa na kuondoka, mpaka Papa Petro akachoka kumwona anaondoka, akamwambia akae wale.

Nilikuwa naenda kwa Mama Feza mara kwa mara. Kwanza nilikwenda kwa aibu, baadaye nikazoea. Tulichambua ndagala tukiongea mambo ya kawaida. Siku moja nikathubutu kumuuliza kama amemsamehe. Hakuacha kuchambua.

"Chakula nimemupa," akasema. "Kitanda, akiugua, nimemupa. Ile ingine bado niko natafuta."

Kisha ikaja ile vita kubwa ya mwaka wa sitini na nne. Wewe umeisikia kwenye hadithi, sisi tuliiona. Wageni walianza kutafutwa nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyeuliza huyu ni mtu wa namna gani. Papa Petro akamchukua Alani kutoka Lubuye, akamweka ndani kwake, nyuma ya nyavu. Siku iliyofuata, alfajiri, Musafiri akapakia mtumbwi, akamfunika Alani na turubai na nyavu juu yake, akafunga injini ndogo ambayo Alani mwenyewe alikuwa ameifufua, akavuka naye mpaka Kigoma. Mama Feza aliwafungia ugali na samaki wa njiani. Unajua ukubwa wa ziwa hili, na ukijua jinsi linavyoweza kukasirika utajua Musafiri alibeba nini siku ile. Alibeba mtu aliyemuua mdogo wake, akamfikisha mzima.

Papa Petro aliwasindikiza mpaka majini. Mimi sikuwepo, Musafiri alinihadithia. Mzee alishika ukingo wa mtumbwi akamwambia Alani kwa Kiswahili, ambacho wakati huo alikielewa, "Ile uliniomba, leo niko nayo. Chukua."  Musafiri akawasha injini.

Mama Feza aliishi miaka mingi baadaye. Hakuniambia kamwe kwamba ile nyingine ameipata. Wala mimi sikumuuliza tena, na sidhani kama alikuwa na deni la kunijibu. Mimi nilipata kazi dispansari, nikiwafasiria madaktari wageni waliopita hapa na wagonjwa wetu, na katika kazi ile nilisikia neno sori mara nyingi kuliko unavyoweza kuwaza. Daktari akisema sori, niliuliza kwanza: unamhurumia, au dawa haipo, au kuna kosa lililofanyika? Wengine walikasirika. Wengi walifikiri, kisha wakasema jambo la maana kwa mgonjwa.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi neno lako. Liseme. Lakini ukilisema ujue moyoni ni lipi. Kama umekosa, usiishie hapo. Sema umefanya nini, kwa maneno ambayo hata mtoto ataelewa, kwa sababu aliyeumizwa anahitaji kujua kwamba unajua. Kama hukukosa ila unamwonea mwenzako uchungu, basi kaa naye kidogo, muulize baba yake ameamkaje, asisikie ile sori ya mlangoni. Kama huna cha kumpa, mwambie huna. Na ukiomba msamaha usiudai siku ile ile. Mwenye nao ataukuta kwa wakati wake, au hataukuta, na wewe utaendelea kumletea samaki.

Kisha kuna moja ninalokuambia kwa sababu najua unapenda amani kama mimi nilivyoipenda. Siku utakapobeba neno la mtu kumpelekea mtu mwingine, liwe la lugha nyingine au la nyumba ya jirani tu, usimchagulie msikilizaji. Huruma ikikusukuma kulainisha, geuka kwanza umuulize aliyelisema. Watu wanaweza kubeba uchungu mkubwa kuliko tunavyowadhania, ilimradi ni uchungu wa kweli.

Mungu akupe ulimi ulio sawa na moyo wako. Akujalie marafiki watakaokuambia wazi walipokukosea, nawe uwe na nguvu ya kuwaambia yako. Njia zako za majini na za nchi kavu ziwe na mwanga, na kila unakopita watu wafurahi kukusikia unapofungua mdomo. Nenda sasa, mpigie yule rafiki yako simu.